Uso wa jiko la gesi kwenye kampa umebanduka enameli: nipulize rangi au nibadilishe?

Nahodha_wa_Lami: Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Hiace iliyogeuzwa kampa (gari la kulala na kupikia safarini), makazi yake Tanga. Jiko la gesi, vichomeo viwili, uso wa chuma chenye enameli nyeusi (lile koti gumu linalong'aa). Enameli imebanduka kuzunguka kichomeo kikubwa, eneo kama kiganja, na kutu imeshaingia. Moto ni wa bluu, hauna tatizo. Kopo la rangi ya friji lipo. Nipulize?

Bisibisi: Usithubutu mkuu. Rangi ya friji uwezo wake ni nyuzi 100 hivi, na chuma kilicho kando ya kichomeo kinapita hapo kabla maji ya ugali hayajachemka. Itavimba na kunuka. Tafuta ya majiko na mabomba ya moshi, iliyoandikwa 600°C au zaidi.

Ila kwanza ng'oa uso, uugeuze. Kandamiza ncha ya bisibisi penye kutu. Ikizama, rangi haina kazi hapo.

Nahodha_wa_Lami: Shukrani. Nimekandamiza, chuma bado kigumu, hakuna tundu. Niandaeje?

Bisibisi: Funga mtungi, washa vichomeo mpaka gesi iliyobaki kwenye mpira iishe, ndipo ufungue mpira. Osha mafuta yote kwa maji moto na sabuni. Mafuta yakibaki, rangi inajikunja kama maziwa yaliyokatika. Kutu itoe kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, malizia na 220. Pale enameli inapoishia, sugua mpaka kidole kisihisi ngazi. Vaa miwani na barakoa, maana enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma na vipande vyake vinakata. Ndiyo sababu hairudishiki nyumbani: inataka tanuru la nyuzi 800 hivi. Unachopuliza wewe ni koti tu.

Futa kwa thina, usiguse tena kwa mkono mtupu. Puliza nyembamba mara tatu, ukiacha dakika 15 kila mara. Praima (rangi ya msingi) ya kawaida usiweke, itaungua na kubandua kila kilicho juu yake.

Bati_na_Nyundo: Mimi kwa Tanga singehangaika na rangi. Chumvi ya bahari itaingia kwenye mkwaruzo wa kwanza tu. Mpelekee fundi uso wa zamani awe nao kama kielelezo, akate stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya daraja la 304, unene wa milimita 1. Akikuletea daraja la 430 (sumaku inaing'ang'ania) bei yake ni nafuu zaidi, ila pwani inaota madoa ya kutu. Kingo zikunjwe chini milimita 10, la sivyo bati litapiga kelele barabarani na kukukata mikono. Matundu ya vichomeo yafuate ya zamani kabisa, na kimo kisibadilike. Bati la mabati usikubali: zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya.

Nahodha_wa_Lami: Stenlesi nitaifuata baadaye, bajeti imebana. Kopo la rangi linasema ichomwe kwa hatua. Oveni sina.

Bisibisi: Iache ikauke siku nzima, kisha rudisha jiko. Milango na madirisha wazi, usiwe na chakula karibu. Washa moto mdogo bila sufuria dakika 10, zima, ipoe kabisa. Rudia kwa moto wa kati, halafu mkubwa. Itatoa moshi na harufu, ni kawaida. Ukiruka hatua hii, kucha tu inatosha kuikwangua. Kopo likisema tofauti, fuata kopo.

Povu: Kabla ya kuwasha moto huo, pakeni maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha gesi mlichofungua. Povu likitokea, kaza upya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni penye godoro, kwa hiyo tundu la hewa la chini lisizibwe. Rangi isiingie kwenye nozeli (kitundu kinachotolea gesi), na sindano isiingizwe humo, inapanua tundu na moto unakuwa wa njano na masizi.

Halafu, enameli kubanduka kwenye kichomeo kikubwa peke yake kuna sababu. Sufuria pana linalofunika kichomeo chote linarudisha joto chini. Na ukimwagia maji baridi enameli ikiwa ya moto, inapasuka hapo hapo. Subiri ipoe, ndipo ufute.