Mgonjwa wa presha asiyepunguza chumvi

Muuguzi, Ujiji:
Wenzangu, mama mmoja ninayemhudumia hula dagaa waliotiwa chumvi kila siku, na kila nikimkataza huitikia kwa heshima, kisha hurudi mwezi unaofuata presha ikiwa ileile. Nimsaidieje?

Jibu, Kasulu:
Dada, acha kumkataza. Muulize yeye anaona nini kinawezekana. Mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, alieleza njia hiyo mwaka 1983: sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mgonjwa. Mgonjwa wangu aliamua mwenyewe kuloweka dagaa na kumwaga yale maji kabla ya kuwaunga kwa mawese, na hajaacha.

Jibu, Kigoma Mjini:
Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai, mpimie aone. Dawa aendelee nazo.