USHAURI: Napimaje sehemu ipi ya ubongo inaipa nyingine habari?

Mwana_Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Nipo Ujerumani, shahada ya pili, na tasnifu inanitoa jasho. Nina data za fMRI (picha za ubongo ukiwa kazini) za watu waliolazwa ndani ya mashine bila kupewa kazi yoyote. Nimepima uwiano: ishara za sehemu mbili zikipanda na kushuka pamoja, nasema zinapashana habari. Sasa msimamizi anataka na mwelekeo, nani anampa nani. Nitumie Granger au entropia ya uhamisho, zile hesabu za kuangalia ishara ipi inatangulia na kuitabiri nyingine? Muda umekwisha, usingizi sipati.

Baba_Swaumu: Vijana mnachimba ubongo wa wenzenu, wa kwenu mmeuacha Ulaya. Sali kwanza.

Kokotoa: Mkuu, hapo hupimi neva, unapima oksijeni kwenye damu. Damu inafikia kilele sekunde kama 5 baada ya neva kufanya kazi, na ucheleweshaji huo haulingani kila sehemu. Granger ikisema A imeitangulia B, huenda mishipa ya B ni mivivu tu. Mwaka 2011 Stephen Smith na wenzake walijaribu njia hizi kwenye data za kuigiza ambazo majibu yake waliyajua. Zile za kuangalia nani katangulia zilifanya vibaya. Uwiano uliochujwa athari za sehemu nyingine ulifanya vizuri. Mpelekee msimamizi hiyo. Halafu, hao watu ni akina nani?

Mwana_Ujiji: Watu wa kawaida, data za wazi mtandaoni.

Mgongo_Chuma: Mimi niliingizwa MRI ya mgongo, ile kelele wacha tu, nilitoka nimesahau hata mgongo unauma. Na bili ikanikumbusha.

Dagaa_Mchele: Wamarekani mwaka 2009 walimweka samaki aliyekufa kwenye hiyo mashine, wakamwonyesha picha za watu, takwimu zisiporekebishwa kwa wingi wa vipimo, ubongo wake "ukafanya kazi". Baadaye wakapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti za kuchekesha 😂

Kokotoa: Mleta mada, "kawaida" ndiyo nini? Wazima? Umri gani?

Mwana_Ujiji: Basi. Ni ABIDE, hifadhi ya picha za ubongo za wenye usonji na wasio nao, ile ya watu 1112 kutoka vituo 17. Nimechukua vituo vichache. Nalinganisha wenye usonji na wasio nao, wengi watoto. Kwenye usonji sehemu zilizo mbalimbali zinaungana hafifu, za jirani zinaungana kwa nguvu. Wengi wameshaandika hivyo, sijazua.

Mama_Kuku: Mwanangu ana usonji. Kwa kinyozi tu tunamshika watu wawili. Humo ndani mliwatulizaje?

Kokotoa: Mama kauliza swali lenyewe. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake walionyesha kuwa kichwa kikicheza hata chini ya milimita moja, uwiano wa sehemu za jirani unapanda na wa mbali unashuka. Yaani matokeo yako hayohayo, bila ugonjwa wowote. Kundi lipi lilitikisika zaidi?

Mwana_Ujiji: Kila mtu hutikisika.

Kokotoa: Kundi lipi?

Mwana_Ujiji: La usonji. Lakini nikitupa picha zilizotikisika nabaki na nusu ya watu. Na ikisiri ilishakwenda, mkutano umeikubali, tiketi ya treni ninayo. Niliuliza Granger au entropia, jamani.

Jicho_Kali: Hii chai. Mwezi uliopita akaunti hii iliuza kiwanja Kibaha, mwenyewe akajiita fundi bomba.

Mwana_Ujiji: Akaunti tunatumia wawili na kaka.

Baba_Swaumu: Nilijua.

Kokotoa: Fundi bomba hawezi kuijua ABIDE. Na kama ni chai, kaipika vizuri. Weka hapa wastani wa mtikisiko wa kila kundi, kisha chagua watoto waliotikisika sawasawa pande zote mbili. Tofauti ikibaki, nenda mkutanoni kifua mbele. Ikipotea, nenda uwaambie imepotea.

Mwana_Ujiji: Nitaongea na msimamizi baada ya mkutano.

Mgongo_Chuma: Kiwanja bado kipo?

Mwana_Ujiji: Kipo. Njoo inbox.