Naomba ushauri: John wawili, kaunti moja, mahakama iliungua

mkazamwana_ohio:
Wakuu salaam, shikamooni wakubwa. Nipo Ohio, nimeolewa na Mmarekani. Baba mkwe kastaafu na siku hizi hana kingine ila kutafuta ukoo wake. Kompyuta hawapatani, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi.

Sensa ya 1820 inawaonyesha Highland County, Ohio. Wazee wao walisema asili ni Buckingham County, Virginia. Mahakama ya huko iliungua 1869, wosia na hati za mauziano zikateketea. Sensa ya Virginia ya 1790 haipo, ya Ohio ya 1810 karibu yote imepotea, na zote za kabla ya 1850 zinataja mkuu wa kaya tu.

Kwenye orodha za kodi za Buckingham nimekuta wanaume wawili, wote John, ukoo mmoja. Mmoja Senior (mkubwa), mwingine Junior (mdogo). Baba mkwe keshawaandika baba na mwana kwenye mti wa ukoo. Mimi moyo unasita. Nifanyeje?

Mzee wa Makabrasha:
Mwanangu, marahaba. Mpokonye kalamu kwanza. Enzi zile Senior na Junior ilikuwa namna ya karani kutofautisha watu wa jina moja katika eneo moja. Wanaweza kuwa mtu na mtoto wa kaka yake, binamu, au watu baki kabisa. Na yule mkubwa akifa au akihama, Junior anaweza kuandikwa Senior mwaka unaofuata.

Moto usikutishe. Virginia ilianza orodha hizi za kodi 1782 na nakala zilipelekwa Richmond, makao makuu ya jimbo, ndiyo maana za Buckingham zimesalimika na zipo Library of Virginia, hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Yako madaftari mawili: la ardhi, na la mali, yaani wanaume wa kutozwa kodi, watumwa, farasi. Yasome yote mawili, mwaka baada ya mwaka, uyaweke kwenye jedwali. Vijana wanaanza kuhesabiwa wakifika 16, chini ya jina la baba au la anayewatumikisha. Kijana akitoka kwenye hesabu ya mtu na jina jipya likazuka jirani, mtilie shaka huyo kuwa ni mwanawe.

Ardhi ndiyo inasema zaidi. Tuseme John ana ekari 240 miaka na miaka, halafu anaandikwa marehemu, kisha wanatokea watu wawili wenye ekari 120 kila mmoja. Hao wana kila dalili ya kuwa warithi, na wosia hujauona. Ila angalia mwaka. Kabla ya 1787, asiyeacha wosia ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kiume wa kwanza. Sheria mpya ndiyo iliyowagawia watoto wote.

Kijana wa Bonde:
Wazungu waliandika hadi farasi 😂 Sisi kiwanja cha babu tunabishana mpaka wapi, mwembe ndiyo shahidi.

Mzee wa Makabrasha:
Usicheke. Hati zao za Virginia nazo zinapima kutoka mti hadi mti. Ukizichora kwenye karatasi unaona nani kapakana na nani.

Mama Zaituni:
Dada, ombi moja. Mume wangu ni Mmarekani mweusi, na mababu zake kabla ya 1865, utumwa ulipokomeshwa, tunawatafuta humohumo. Orodha za miaka ya mwanzo ya 1780 mara nyingi ziliandika watumwa kwa majina, chini ya bwana wao. Ukikutana nayo yanakili pia, hata kama si wa kwenu. Kuna mtu anayatafuta.

mkazamwana_ohio:
Nitayanakili, dada. Mzee, nimechungulia: John mmoja ana ardhi na anaendelea mpaka 1815. Mwingine hana hata ekari, ana farasi mmoja tu, na baada ya 1807 simwoni.

Mzee wa Makabrasha:
Huyo wa farasi ndiye wa kumfuata. Lakini 1808 Virginia haikukusanya kodi, kwa hiyo ukimkosa 1809 una nafasi ya miaka miwili aliyoweza kuhama, usiandike mmoja. Mtafute sasa upande wa Ohio. Highland imo kwenye eneo walilotengewa askari wa Virginia waliopigana vita vya uhuru, kati ya mito Scioto na Little Miami. Orodha za kodi za huko hutaja mkondo wa maji ulio karibu na jina la mwenye haki ya kwanza ya ardhi hiyo. Pia chukua majirani wa John kule Buckingham: kwenye daftari la mali mara nyingi kuna tarehe ambayo mkusanyaji alimfikia kila mtu. Waliofikiwa siku moja waliishi karibu. Majina yao yakitokea pamoja Highland, huyo ni John wako.

mkazamwana_ohio:
Na baba mkwe nimwambieje? Mti keshauweka kwenye fremu.

Mama Zaituni:
Mpikie kwanza.