Kwa nini mkono wa kulia huingia ndani ya baragumu la Kifaransa?

Mpulizaji wa Bendi:
Ndugu wanajukwaa, nimepiga tarumbeta katika bendi ya kanisa kwa miaka sita, na tangu mwezi uliopita ninajifunza baragumu la Kifaransa. Mwalimu wangu ananitaka nibonyeze vali, yaani vitufe vinavyobadilisha urefu wa bomba, kwa mkono wa kushoto, na wa kulia niutie ndani ya mdomo mpana wa ala. Kwa sisi wa tarumbeta, vidole vya kulia ndivyo vyepesi. Je, jambo hili lina sababu ya msingi, au ni mazoea tu yaliyorithiwa?

Msomaji wa Noti:
Ndugu, ni mazoea yenye chimbuko, nalo ni la zamani kuliko vali zenyewe. Baragumu la wawindaji wa Ufaransa katika karne ya 17 lilikuwa bomba refu lililoviringwa, lisilo na tundu wala kitufe, hivyo mpigaji alipata zile sauti tu ambazo bomba lenyewe hutoa midomo inapokazwa au kulegezwa. Kule chini sauti hizo zimeachana mno, nazo huanza kukaribiana huku juu. Ndiyo maana mtunzi J. S. Bach, katika konseto (utungo wa okestra na wapigaji maalumu) ya kwanza kati ya zile sita za Brandenburg za mwaka 1721, anawapandisha wapigaji wake wawili hadi juu sana.

Katikati ya karne ya 18, Anton Joseph Hampel, mpigaji wa okestra ya ikulu ya Dresden, aliendeleza mbinu ya kuziba mdomo wa ala kwa kiganja. Ukiziba kidogo sauti hushuka, na ukiziba kabisa hutoka sauti nyingine, nyembamba, yenye ukali wa bati. Kwa njia hiyo zile nafasi zilizokuwa tupu katika ngazi ya muziki zikaanza kujazwa. Mwanafunzi wake, Giovanni Punto, aliimudu mbinu hiyo kiasi kwamba Beethoven alimtungia sonata mwaka 1800 na kuipiga naye jijini Vienna. Vali zilipokuja, mkono wa kulia ulikuwa na kazi yake tayari, na uliobaki huru ulikuwa wa kushoto.

Mwanakinanda:
Nakubaliana nawe, lakini nisingependa msomaji adhani kwamba vali zilipokewa mara moja. Heinrich Stölzel alizionyesha kwenye baragumu mwaka 1814, na mwaka 1818 yeye na Friedrich Blühmel wakapewa hataza. Hata hivyo, mwaka 1865 Brahms bado aliandika trio yake ya fidla, piano na baragumu akikusudia ala isiyo na vali. Sioni kwamba huo ulikuwa ukaidi wa mtu aliyepitwa na wakati. Katika ala hiyo isiyo na vali, inayozibwa kwa mkono, kila noti ina rangi yake, nyingine wazi na nyingine yenye kivuli, na mtunzi aliyezijua alizipanga kwa makusudi. Vali zilizisawazisha zote, na kitu fulani kilipotea.

Faida ya vali, hata hivyo, ni kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 karakana ya Kruspe, mjini Erfurt, iliunganisha mabomba mawili katika ala moja, la F (jina la noti yake ya msingi) lenye urefu wa karibu mita 3.7 na la B bapa (noti ya B iliyoshushwa nusu hatua) lililo fupi zaidi, na kidole gumba cha kushoto ndicho huchagua kati yao.

Mwalimu wa Shaba:
Ndugu mwuliza swali, usiutie mkono kama anayeziba chupa. Bana vidole pamoja, vikunje kidogo kama unayeteka maji kwa kiganja, kisha migongo yake iguse ukuta wa ndani wa mdomo wa ala, upande wa mbali na mwili wako. Halafu shikilia noti moja ndefu na uutoe mkono taratibu: utasikia sauti ikipanda na kuwa kali. Watengenezaji huipima ala wakijua kwamba mkono utakuwemo, kwa hiyo kuuacha nje ni kupiga ala isiyokamilika.

Mpulizaji wa Bendi:
Ahsanteni sana. Nimefanya jaribio hilo jioni hii nikiwa na kipima sauti cha simu mbele yangu, na mshale ulipanda kila nilipoutoa mkono. Kesho nitaanza kuzoeza vidole vya kushoto.