Kuihamisha barabara namba 81 kutoka katikati ya Syracuse: ni haki au ni hasara?

Ndugu zangu, hoja iliyoletwa mbele yetu ni kwamba jimbo la New York limekosea kukubali kubomoa daraja refu la barabara kuu namba 81 katikati ya mji wa Syracuse, kwa kuwa barabara hiyo huunganisha mji na Binghamton upande wa kusini, na Watertown upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kanada, hivyo kuiondoa ni kuua biashara. Mimi naona jimbo limeamua sawasawa, tena kwa kuchelewa.

Kwanza tuuelewe utaratibu wa namba, maana hapo ndipo wengi wanapopotoka. Barabara kuu zinazovuka majimbo ya Marekani hupewa namba witiri zikielekea kaskazini na kusini, na namba shufwa zikielekea mashariki na magharibi. Ndiyo maana 81 na 90 hukutana hapo Syracuse. Tarakimu tatu huonyesha tawi, na 481 ni tawi la 81 linaloanzia kusini mwa mji, likapita DeWitt upande wa mashariki, kisha likaikuta tena 81 huko kaskazini. Mpango ni tawi hilo lipewe namba 81. Dereva wa lori atokaye Pennsylvania kwenda Kanada ataendelea kufuata vibao vya namba ile ile, isipokuwa atauzunguka mji badala ya kuupasua. Anayekwenda mjini atatumia vipande vya zamani, vitakavyoitwa Business Loop 81, na pale penye daraja patakuwa na barabara ya kawaida yenye taa na vivuko vya waenda kwa miguu.

Ubomoaji wa Kata ya 15, mtaa wa Wamarekani weusi, ndio uliotoa nafasi ya kujenga daraja hilo katika miaka ya 1960, na inakadiriwa kuwa zaidi ya familia 1,300 zilihamishwa. Pita Almond Street ujionee mwenyewe: nguzo nene za zege, kivuli mchana kweupe, ngurumo ya matairi juu ya kichwa, na kando yake nyumba za umma za Pioneer Homes ambazo watu hulala, hupika na kulea watoto. Shule ya msingi ya Dr. King nayo iko ubavuni mwa barabara hiyo, na ilibidi wakazi wapaze sauti ndipo mzunguko mpya wa magari uliokuwa umechorwa karibu na shule hiyo usogezwe mbali.

Wapinzani walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Februari 2024 mahakama ya rufaa ikaruhusu kazi iendelee. Naelewa wasiwasi wa wakazi wa vitongoji watakaoongezewa dakika za safari, na wa watu wa Skaneateles wanaohofia malori kukatiza kijijini kwao. La malori linadhibitika kwa sheria na askari wa barabarani. Lakini dakika za mpita njia haziwezi kupimwa sawa na mapafu ya mtoto aliyezaliwa chini ya daraja.

Kinachonitia hofu mimi ni ardhi itakayobaki wazi. Iko jirani na hospitali na Chuo Kikuu cha Syracuse, kwa hiyo wenye fedha wataitamani, na kodi za nyumba zikipanda, watakaosukumwa nje ni wapangaji: wajukuu wa Kata ya 15, na pia familia kutoka Kongo na Burundi ambazo mji huu umezipokea kama wakimbizi. Ardhi hiyo ifungwe kisheria kwa makazi ya bei nafuu kabla haijagawiwa, na wakazi wawe na kura katika kuigawa, si nafasi ya kutoa maoni tu.

Kwa wanaotaka daraja libaki, nauliza: kama barabara ya mchepuko ipo na inaweza kubeba namba 81, ni sababu gani ya kuwafanya wakazi wa Almond Street waendelee kuibeba?