Udongo wa Mirihi una sumu: watu wapelekwe kuishi huko?

Mwalimu wa Kemia, Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Chombo cha anga cha Phoenix kilitua sayari ya Mirihi 2008 kikakuta udongo una chumvi ya pakloreti, karibu nusu asilimia ya uzito. Chumvi hiyo huizuia tezi ya shingo kupata madini joto. Hewa nayo ni hewa ukaa asilimia 95, tena nyepesi mno. Na bado wapo wanaotaka familia zihamie, watoto wazaliwe huko. Mimi napinga. Mtoto hakuombwa ridhaa.

Kijana wa Ilala
Mwalimu, pakloreti inayeyuka kwenye maji. Udongo unaoshwa, unapandwa mboga. Bakteria wa kuivunja wapo hapahapa duniani. Mbona mchicha wa bonde la Mto Msimbazi, hapa Dar, tunakula na tunadunda?

Mkulima Bondeni
Ngoja kwanza. Mchicha wa Msimbazi umekukosea nini? Nimelima bonde hili miaka 19, nimesomesha watoto watatu. Jana ugali ulishushia na nini?

Kijana wa Ilala
Kaka, sijakutukana. Mto ule unapita Vingunguti, unapokea maji ya viwandani. Nani asiyejua?

Mkulima Bondeni
Sasa mwenye kosa ni anayemwaga au anayemwagilia?

Mama Genge, Kigogo
Hapo umesema, baba. Mimi nikitaja Msimbazi mteja anarudisha fungu. Lakini tusidanganyane na habari ya kuosha. Madini ya risasi yakiingia kwa mizizi yamo ndani ya jani, uoshe hadi kesho.

Mwalimu wa Kemia, Tabata
Ndugu zangu, mada ni Mirihi. Na kule tatizo si mboga tu, ni vumbi. Dhoruba zake zinaweza kufunika sayari nzima. Vumbi likiganda kwenye suti ya anga unaingia nalo ndani ya makazi, unalivuta.

Kijana wa Ilala
Wale wanaanga wa Apollo 11 si waliingia na vumbi la Mwezini? Nani alilalamika?

Mwalimu wa Kemia, Tabata
Harrison Schmitt, Apollo 17, 1972. Alipata mafua ya mzio humo chomboni. Na yeye alikaa siku tatu tu Mwezini. Soma kabla ya kuandika, kijana.

Kijana wa Ilala
Ukizidiwa hoja unaanza "soma". Ndiyo maana wanafunzi wanaikimbia kemia.

Mkulima Bondeni
Muacheni mwalimu. Shikamoo mwalimu, nina swali. Hiyo pakloreti ipo na huku bondeni?

Mwalimu wa Kemia, Tabata
Marahaba. Hofu yangu kwenu ni metali za sumu, risasi na kromiamu, si hiyo. Ila bila kupima maji tunabishana bure.

Mama Genge, Kigogo
Na nani atakuja kupima? Miaka yote wanakuja kupiga picha tu.

Mkulima Bondeni
Njoo wewe mwalimu, Jumamosi asubuhi, na chupa zako. Maji yanabadilika rangi kabla jua halijawa kali. Nitakuonyesha bomba linapotokea.