Naombeni ushauri: jenereta ya kVA 20 au 30 kwa jengo la ofisi?

Mjenzi Mpya: Wakuu, habari za jioni. Nina jengo la ofisi na mgao wa umeme umenishinda. Ukikatika saa nane mchana, saa tisa wapangaji wako mlangoni kwangu. Viyoyozi viko vinane. Nichukue jenereta ya kVA 20 au 30? Nataka kulipia wiki hii, usingizi sina.

Kivuli: Pole mkuu. Vinane vyote vya nini? Jengo limeelekea wapi?

Mjenzi Mpya: Nimeuliza jenereta tu.

Mama Wawili: Mie nilipanga chumba cha bati, dari hamna. Mtoto halali mchana, mgongo umejaa vipele vya joto. Tukapaka bati rangi nyeupe, baadaye tukaweka dari na matundu ya kutolea hewa. Feni moja ikatosha. Taa ya wati 60 nayo nikaitoa, nikaweka LED ya wati 9, mwanga ule ule.

Mzee wa Lenta: Vijana mnakimbilia kupoza hewa kabla ya kuzuia jua. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa viyoyozi na feni vinakula karibu asilimia 20 ya umeme wa majengo duniani. Vyote vinawashwa saa zile zile za joto. Mtambo gani utahimili? Halafu tunalaumu mgao.

Kivuli: Mwenye uzi, hujajibu. Limeelekea wapi?

Mjenzi Mpya: Magharibi. Mbele kioo kitupu, juu hadi chini. Ila wapangaji wanapenda vioo, na mapazia mazito yapo.

Kivuli: Ugonjwa ndio huo. Jua la alasiri limeinama, linapita chini ya kibaraza na kuingia moja kwa moja. Pazia la ndani linakinga macho tu, joto limeshaingia. Likingwe nje: vibao vya wima, miti, chochote kitakachotia kivuli kwenye kioo.

Mjenzi Mpya: Vioo vya juu nimeshalipia nusu.

Msomaji Kimya: Subirini. Mara wapangaji wamo, mara vioo havijafungwa? Hii chai. Hakuna jengo hapa.

Mama Wawili: Hata mie nimeshtuka.

Mjenzi Mpya: Siyo chai. Wapangaji wako chini, juu naongeza ghorofa. Jana saa tatu usiku niliweka kiganja kwenye ukuta wa ofisi ya mbele, bado una moto. Kiyoyozi wameacha nyuzi 18, mlango wazi. Niliona aibu kutaja vioo kwa sababu fundi alinikataza, nikamlazimisha.

Msomaji Kimya: Basi samahani mkuu. Ameshakata?

Mjenzi Mpya: Bado, anakuja kupima kesho saa mbili.

Mzee wa Lenta: Mwambie apime madirisha, siyo ukuta mzima. Ghorofa ikipoa ndipo uhesabu jenereta.

Mjenzi Mpya: Nitaongea naye, mzee wangu. Ila wakuu, kwa huku chini kwenye vinane, ni 20 au 30?